Nchi Jirani: Deni la Mhandisi wa Kenya

Kila mara matokeo ya mtihani wa kumaliza sekondari yanapotangazwa katika nchi jirani ya Kenya, ziko nyumba ndani ya kambi za jeshi na kota za polisi ambamo habari moja huleta furaha na wasiwasi kwa pamoja. Mtoto wa sajenti fulani, au wa konstebo fulani, amechaguliwa kwenda Chuo Kikuu kusomea uhandisi wa mitambo. Masomo hayo ni ya miaka mitano. Karatasi ya kwanza inayofuata habari hiyo ni fomu ya mkopo.

Askari aliyezoea kuishi kwa mshahara wa mwezi huiangalia fomu hiyo kwa macho ya mtu ajuaye maana ya makato. Hujiuliza kama mshahara wa mhandisi utaweza kulibeba deni la mhandisi. Swali hilo laonekana kuwa la jana na juzi, kumbe limetembea katika Afrika ya Mashariki kwa muda wa miaka zaidi ya sabini, na jibu lake limebadilika kila mara hali ya viwanda, ya reli na ya hazina ya Serikali ilipobadilika.

Mkopo wa wanafunzi nchini Kenya ulianza zamani za ukoloni. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliunda mfuko wa mikopo ya elimu ya juu kwa ajili ya wale waliokwenda kusoma nje ya Afrika ya Mashariki, kama vile Uingereza, Marekani na India. Idadi yao ilikuwa ndogo mno. Kwa mtu wa kawaida wa Nyeri au wa Kisumu, habari ya mkopo wa Chuo Kikuu haikumhusu hata kidogo, kwa kuwa Chuo Kikuu chenyewe hakikumhusu.

Mambo yalianza kubadilika pale Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mjini Nairobi mwaka 1956. Chuo hicho kilikusudiwa kuhudumia nchi zote za Afrika ya Mashariki. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika ya Mashariki, na kazi zikagawanywa: Makerere udaktari na kilimo, Dar es Salaam sheria, na Nairobi uhandisi. Kwa sababu hiyo wahandisi wengi wa mwanzo wa Tanzania na Uganda walijifunza mashine za mvuke na nguvu za vyuma katika madarasa ya Nairobi, bega kwa bega na wenzao wa Kenya. Chuo Kikuu hicho cha pamoja kilivunjwa mwaka 1970. Dar es Salaam ilipata kitivo chake cha uhandisi mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi ya wakati ule.

Katika miaka hiyo ya mwanzo ya uhuru, mhandisi wa Kenya hakudaiwa fedha. Serikali ilimlipia masomo, malazi na chakula, ikampa na fedha za mkononi. Naye kwa upande wake alitakiwa kuitumikia Serikali kwa muda wa miaka isiyopungua mitatu baada ya kuhitimu. Kwa maneno mengine deni lilikuwapo, ila lililipwa kwa kazi. Askari wataelewa mpango wa namna hiyo upesi kuliko watu wengine, maana mtu anayefunzwa urubani au ufundi wa vifaru kwa gharama ya jeshi naye hutakiwa kulitumikia jeshi kwa miaka fulani kabla ya kuomba kuondoka.

Tanzania ililikabili jambo hilo hilo kwa ukali zaidi. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo asiporudi ni msaliti. Miaka miwili baadaye mfano huo ukawa sheria. Wahitimu walitakiwa kuingia Jeshi la Kujenga Taifa, wakae kambini kwa miezi kadhaa, kisha wafanye kazi kwa muda uliobaki wa miaka miwili huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kuyapinga masharti hayo. Karibu wanafunzi 400 wakarudishwa makwao, na Rais akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa vijana hao walirudishwa chuoni baadaye. Wanajeshi wa zamani wa Tanzania wanalikumbuka tukio hilo kama habari ya nidhamu. Lakini chini ya nidhamu kulikuwa na hesabu ya fedha: ni sehemu gani ya mshahara wa msomi iliyo mali ya waliomsomesha?

Kenya haikulifikisha swali hilo mbali kiasi hicho, na haikuwa na haja. Katika miaka ya 1960 mhandisi wa mitambo alikuwa na mahali pa kwenda. Mwajiri wake mkubwa alikuwa Shirika la Reli la Afrika ya Mashariki, lenye karakana kuu mjini Nairobi. Humo vichwa vya treni vilifunguliwa, vikasafishwa na kufungwa upya, magurudumu yakakerezwa, na mafundi mchundo, mafundi sanifu na wahandisi wakafanya kazi kwa ngazi zilizofahamika kama vyeo vya kijeshi. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilifunguliwa Mombasa mwaka 1963. Kiwanda cha sukari cha Chemelil kilifuata mwaka 1968, kile cha Mumias mwaka 1973, na cha karatasi mjini Webuye mwaka 1974. Palipo na boila, pampu na mtambo wa kuzungushwa na mvuke, pana kazi ya mhandisi wa mitambo. Isitoshe, wazungu wengi waliokuwa wakishika nafasi hizo walikuwa wakiondoka. Kijana aliyehitimu alipewa meza, nyumba na mara nyingi gari. Miaka mitatu ya kuitumikia Serikali haikuwa mzigo hata kidogo, maana ndiyo iliyomwingiza kazini.

Kisha hazina ikaanza kulemewa. Wanafunzi walizidi kuongezeka, na bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwishoni mwa mwaka 1973, nchi zote zisizo na mafuta ziliumia. Katika mwaka wa masomo wa 1974/75, Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa mikopo kwa wanafunzi wake waliokuwa Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mkopo ulilipia masomo na mahitaji ya mwanafunzi mwenyewe, riba yake ikawa ndogo sana, na urejeshaji ukaachwa mikononi mwa Wizara ya Elimu.

Mpango huo ulikuwa na kasoro mbili, na zote zilionekana mapema. Ya kwanza ni kwamba Serikali haikuwa na sheria ya kuiwezesha kumfuata mdaiwa. Karatasi ya ahadi ilikuwapo. Nguvu ya kumkata mtu mshahara bila ridhaa yake haikuwapo. Ya pili ni kwamba wananchi hawakuamini kuwa ule ulikuwa mkopo. Mzazi aliyelipa kodi, aliyechangia ujenzi wa shule za Harambee, na aliyekwisha kuona ndugu wakubwa wa mtoto wake wakisomeshwa bure, alizitazama fedha hizo kama haki. Wanafunzi wenyewe walizipa fedha za mkononi jina la bumu, na mlio wa jina hilo hauelezi kitu cha kurudishwa.

Basi fedha hazikurudi. Na hata zile zilizorudi zilirudi zikiwa zimechakaa. Mfumuko wa bei nchini Kenya ulipita asilimia 40 mwaka 1993. Mtu aliyekopeshwa shilingi mia katikati ya miaka ya 1970 na akailipa mia ile ile wakati huo, alikuwa amerudisha ganda, tunda likiwa limeliwa zamani. Wachumi wa Benki ya Dunia walioichunguza mikopo ya nchi mbalimbali mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliiweka Kenya miongoni mwa nchi zilizopoteza karibu kila kitu: ukijumlisha riba ndogo, wasiolipa na gharama za kuendesha ofisi yenyewe, ilikuwa nafuu kwa Serikali kuzigawa fedha hizo kama zawadi.

Siasa nayo iliingia. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, lililofanywa na askari wa jeshi la anga na kushangiliwa na baadhi ya wanafunzi barabarani, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kuanzia mwaka 1984 wote waliochaguliwa kwenda vyuo vikuu walitakiwa kupitia kwanza mafunzo ya miezi mitatu katika kambi za Huduma ya Vijana kwa Taifa. Walipigishwa kwata na kufanya kazi za mikono. Mpango huo haukudumu muongo mmoja, wala haukupunguza hata senti moja ya deni la mwanafunzi. Ulikusudiwa kufundisha utii, na yawezekana ulifaulu kwa wengine. Lakini tofauti yake na ule wa Tanzania wa mwaka 1966 ni kubwa. Kambi ya Kenya ilikuwa lango la kuingilia chuo, wala si njia ya kukilipia.

Wakati huo huo, upande wa pili wa mizani, yaani upande wa mshahara, nao ulianza kuyumba. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na shirika la reli likagawanywa vipande vitatu. Kenya ilibaki na karakana kubwa iliyojengwa kuhudumia reli za nchi tatu. Viwanda vya kuunganisha magari vilivyofunguliwa Thika, Nairobi na Mombasa katika miaka hiyo ya 1970 vilitoa kazi kwa muda, kisha milango ya biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, magari yaliyotumika ng'ambo yakamiminika bandarini Mombasa na viwanda hivyo vikapungukiwa na wateja.

Katikati ya kuyumba huko kulikuwa na jaribio moja la kutajwa. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya, hata kama halitapendeza machoni. Februari 1990 magari ya mfano yaliyopewa jina la Nyayo Pioneer yalionyeshwa kwa wananchi kwenye uwanja wa michezo wa Kasarani. Vyuma vilichongwa nchini, na vijana walioviangalia waliona kwamba shahada ya uhandisi wa mitambo yaweza kuzaa kitu chenye magurudumu. Lakini fedha za kuyatengeneza magari hayo kwa wingi hazikupatikana. Shirika lililoundwa kwa kazi hiyo lilibadilishwa jina na shughuli, likawa karakana ya kuchonga vyuma na vipuri jijini Nairobi. Lingekuwa jambo la kejeli kuwacheka wahandisi hao. Kiwanda cha magari kinahitaji soko, mtaji wa miaka mingi na viwanda vidogo vya kukilisha, na hakuna mhandisi awezaye kuvichora vitu hivyo kwenye karatasi. Tanzania nayo ilianzisha mradi wake wa magari, Nyumbu, huko Kibaha, mwaka 1985, chini ya jeshi, na maofisa waliopita pale wanajua vizuri umbali uliopo baina ya gari la mfano na gari la elfu moja.

Hapo ndipo Kenya ilipofika ilipoamua kukaza kamba. Mwaka 1991 ada zilianza kutozwa na mwanafunzi akatakiwa kununua chakula chake mwenyewe. Vyuo vikachafuka na kufungwa mara kwa mara. Julai 1995 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Sheria hiyo ilikuwa na meno ambayo mpango wa 1974 haukuwa nayo. Mwajiri anayemwajiri mdaiwa analazimika kumkata mshahara na kuipelekea Bodi makato hayo. Riba kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Mkopaji hupewa muda wa nafuu wa mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Akishindwa kulipa baada ya hapo, hutozwa faini ya shilingi 5,000 za Kenya kwa kila mwezi.

Inafaa kusimama kidogo mbele ya tarakimu hiyo ya mwisho, maana ndiyo inayowakamata vijana wengi. Kwa miaka mingi kiwango cha juu cha mkopo kilikuwa shilingi 60,000 kwa mwaka. Mwanafunzi wa uhandisi aliyepata kiwango hicho kwa miaka mitano alitoka na deni la shilingi 300,000. Riba ya asilimia 4 juu ya deni hilo ni shilingi 12,000 kwa mwaka. Faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi ni shilingi 60,000 kwa mwaka, yaani mara tano ya riba. Sheria hiyo haimsumbui sana mwenye kazi. Inamsumbua asiye na kazi, ambaye ndiye hasa asiyeweza kulipa. Ni kweli kwamba mara kadhaa Bodi imetangaza msamaha wa faini kwa wale watakaolipa deni lote kwa mkupuo. Lakini kulipa kwa mkupuo nako kunahitaji mtu mwenye fedha.

Hesabu ya mfano itasaidia kuliona jambo lenyewe. Mishahara itakayotumika ni ya kufanyia hesabu tu, na kila mzazi aweza kuweka tarakimu anazozijua. Tuseme vijana wawili wamemaliza shule pamoja. Mmoja anasoma stashahada ya ufundi sanifu wa mitambo kwa miaka mitatu, anaajiriwa mara moja, na analipwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Mwenzake anasoma shahada kwa miaka mitano, anaajiriwa mara moja, na analipwa shilingi 70,000. Deni lake ni shilingi 300,000. Akilipa 5,000 kila mwezi atalimaliza kwa miaka mitano na miezi saba hivi, na riba yote itakuwa kama shilingi 35,000.

Je, mhandisi huyo amepungukiwa na kiasi gani akilinganishwa na fundi sanifu? Deni na riba yake ni shilingi 335,000. Lakini fundi sanifu amepokea mshahara kwa miaka miwili wakati mhandisi bado yuko darasani, na hizo ni shilingi 960,000. Jumla ni shilingi 1,295,000. Kwa kuwa mhandisi humzidi mwenzake kwa shilingi 30,000 kila mwezi, atamfikia baada ya miezi 43, yaani miaka mitatu na miezi saba. Baada ya hapo kila mwezi ni faida, kwa muda wote wa miaka 30 au zaidi ya kazi.

Sasa tuseme mhandisi huyo hakupata kazi mara moja, bali alingoja miaka mitatu. Mwaka wa kwanza ni wa nafuu. Miaka miwili inayofuata inamletea faini ya shilingi 120,000. Na katika miaka hiyo mitatu fundi sanifu amepokea shilingi 1,440,000 nyingine. Pengo limefika shilingi 2,855,000, bila hata kuongeza riba ya miaka ya kungoja, na litahitaji karibu miaka minane ya kazi kuzibwa. Faini inayolalamikiwa ni sehemu ndogo ya hasara hiyo mpya, haifiki hata moja ya kumi. Hasara yenyewe ni kungoja. Kwa hiyo anayetaka kujua kama shahada ya uhandisi wa mitambo inalipa deni lake, asianze kuuliza riba ni kiasi gani. Aulize kwanza ni viwanda vingapi vinavyoajiri.

Na hapo historia ya Kenya ina majibu mawili yanayopingana. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa mwaka 2009. Mtambo wa kusafisha mafuta wa Mombasa uliacha kazi hiyo mwaka 2013. Kiwanda cha sukari cha Mumias, kilichowahi kuwa fahari ya Kenya ya Magharibi, kiliwekwa chini ya mfilisi mwaka 2019. Hizo zilikuwa karakana za kufundishia vijana wapya, na kufungwa kwake kuliwaondolea wahitimu zaidi ya mishahara. Mhandisi aliyetoka chuoni juzi hawezi kuaminiwa na boila kubwa mpaka amefanya kazi chini ya aliyeizoea, kama vile luteni mpya asivyoweza kupewa kikosi bila sajenti wa kumwonyesha njia.

Lakini kwa upande mwingine, huko Olkaria katika Bonde la Ufa, mvuke wa ardhini ulianza kuzungusha mtambo wa kwanza wa umeme mwaka 1981, na mwaka 2014 pekee ziliongezwa megawati 280. Kuchimba visima vyenye joto kali, kufunga mabomba ya mvuke, kutunza mitambo inayozunguka usiku na mchana ni kazi ya uhandisi wa mitambo tangu mwanzo hadi mwisho. Kenya imepata wataalamu wa mvuke wa ardhini ambao nchi nyingine za Afrika huwaita kuzisaidia. Vijana hao wana kazi ya kuwawezesha kulipa madeni yao.

Kuna jambo jingine ambalo mzazi aghalabu halijui mpaka limemfika. Nchini Kenya mtu hawezi kujiita mhandisi kwa kuwa na shahada tu. Ni lazima aandikishwe na Bodi ya Wahandisi, na Bodi hiyo huandikisha waliohitimu katika masomo inayoyatambua. Vyuo vikuu vilipoongezeka kwa kasi, kuna vijana waliosoma miaka mitano kwa fedha za mkopo kisha wakaambiwa kwamba shahada zao hazitambuliwi. Baadhi yao walikwenda mahakamani. Bodi ya Mikopo haikuwa na shida na shahada hizo. Ilizikopesha, na ilitaka fedha zake. Mtoto wa askari anapochagua chuo, karatasi ya kutazama kabla ya ile ya mkopo ni orodha ya masomo yaliyotambuliwa.

Uganda, jirani wa pande zote mbili, ilichelewa kuingia katika mikopo. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2014, na tangu mwanzo mikopo ilielekezwa hasa kwenye masomo ya sayansi na ufundi. Serikali ya huko iliugusa pia upande wa mshahara. Mwaka 2022 iliwaongeza wanasayansi walioajiriwa na Serikali. Mwalimu wa sayansi mwenye shahada akapandishwa hadi shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi, na walimu wa masomo mengine wakagoma. Aidha, gari la umeme lililotengenezwa na wanafunzi na walimu wa Makerere mwaka 2011 halikuishia kwenye maonyesho. Kutoka kwake lilizaliwa shirika la magari la Kiira, na mabasi yake ya umeme ya Kayoola yaliundwa Nakasongola katika kiwanda cha Luwero Industries, ambacho ni mali ya shirika la biashara la jeshi la Uganda. Bado ni mapema kusema kama mabasi hayo yatalipa. Lakini hapo jeshi limekuwa karakana ambayo mhandisi kijana anaingia akiwa na cheti na kutoka akiwa na ujuzi, jambo ambalo Kenya ililikosa pale Pioneer ilipokwama.

Hapa Tanzania, Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016. Na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowafanya watumishi wengi waone deni likiongezeka huku wakilipa, iliondolewa mwaka 2021. Makato ya asilimia huufuata mshahara: ukiwa mdogo, nayo huwa madogo. Faini ya Kenya haiangalii mshahara, kwa kuwa humkuta mtu hata asipokuwa nao.

Mwezi wa Mei 2023 Serikali ya Kenya ilitangaza utaratibu mpya. Ada ya pamoja ya shilingi 16,000 kwa mwaka, ambayo mwanafunzi aliyefadhiliwa na Serikali alikuwa akiitoa kwa miaka mingi, iliachwa. Badala yake kila somo lilitajiwa gharama yake halisi, na gharama hiyo ikagawanywa kati ya msaada wa Serikali, mkopo na mfuko wa familia, kwa kufuata uwezo wa nyumba anayotoka mwanafunzi. Uhandisi, wenye karakana na mashine za kukerezea, ni miongoni mwa masomo ya gharama kubwa. Hivyo hesabu ya shilingi 300,000 iliyofanywa hapo juu ni ya wale waliotangulia, na wanaofuata watabeba zaidi. Wazazi wengi walilalamika kwamba wamewekwa katika daraja lisilo lao. Hasa wenye mishahara midogo ya Serikali, askari wakiwamo, hujikuta mahali pagumu: mshahara wao unaonekana wazi kwenye hati za Serikali hadi senti ya mwisho, wakati mfanyabiashara hutaja anachotaka kutaja. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba utaratibu huo unakwenda kinyume cha Katiba, na suala likapelekwa Mahakama ya Rufani.

Kwa aliyekwisha kuhitimu, deni humfuata hata kwenye mlango wa kazi. Anayeomba kazi nyingi za umma nchini Kenya hutakiwa kuleta cheti cha tabia njema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai ya polisi, na pamoja nacho cheti cha Bodi ya Mikopo kuonyesha kwamba hana deni lililochelewa au kwamba anaendelea kulipa. Vyeti hivyo viwili huwekwa katika bahasha moja. Na kwa yule anayeanza sasa, fomu ya mkopo inataka wadhamini wawili, pamoja na namba za vitambulisho vyao, nao huweza kuulizwa mwanafunzi asipolipa.